Mstari Hafifu
Hotuba kwa wahitimu wa sayansi za afya, Mbinga

Mwenyekiti wa bodi, mkuu wa chuo, walimu, wazazi na walezi mliotoka Maguu, Litembo, Liuli na Mbamba Bay, ndugu zetu wa Songea mliofika jana, na ninyi wahitimu wenyewe: itifaki imezingatiwa. Hamjambo?

Nimesikia "hatujambo" ya kishindo. Lakini kule nyuma, upande wa wazee, kuna mama amejibu "hatujambo kidogo". Shikamoo mama. Jibu lako limebeba hotuba yangu nzima, na kama ningekuwa na busara ningeketi sasa hivi tukaenda kula pilau. Bahati mbaya mkuu wa chuo amenipa dakika 20, na mtu wa takwimu akipewa dakika 20 hazirudishi.

"Sijambo kidogo." Sote hapa tunaielewa. Anayesema hivyo hajalazwa, ila usimtume mtoni kuchota maji. Sasa mpelekee maneno hayo karani mwenye fomu. Fomu inauliza: mgonjwa au si mgonjwa? Weka vema hapa au pale. Karani hana pa kumweka mama huyu, basi atamweka popote, na kuanzia siku hiyo mama ni namba iliyokaa mahali ambapo yeye mwenyewe hayupo.

Mimi nimekulia mwambao wa Ziwa Nyasa, si mbali na Liuli. Tukiwa watoto tulikuwa na ubishi mmoja usiokwisha: ziwa linaanzia wapi? Unasimama kwenye mchanga uliolowa, wimbi linakuja linafunika vidole, linarudi. Uko majini au uko nchi kavu? Miaka mingi baadaye nikiwa chuo kikuu nikakuta ubishi wetu umeandikwa kwenye kitabu cha hesabu, sura ya topolojia. Topolojia ni tawi la hesabu linaloshughulika na ujirani: nini kiko karibu na nini, nini kimo ndani na nini kiko ukingoni. Kitabu kilisema hivi, kwa lugha yangu: uko mpakani ikiwa kila duara unalochora kuzunguka unyayo wako, hata liwe dogo kama punje ya mtama, litakuwa na maji ndani yake na litakuwa na mchanga ndani yake. Nilifunga kitabu nikacheka peke yangu maktaba. Kumbe tulikuwa wanatopolojia, tena wa kupigwa kwa kuchelewa kurudi na ndoo.

Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia saini mkataba wa Heligoland, na ukingo huo huo wa mchanga ukageuzwa kuwa mstari wa ramani. Mambo ya mpaka na ndugu zetu wa Malawi nawaachia wanadiplomasia; Tanzania inasema mstari unapita katikati ya maji, na mimi ni Mtanzania. Ninachotaka mkione ni kimoja tu. Waliochora walichora kwa wino, na ziwa lenyewe kila masika linapanda, kila kiangazi linashuka. Wavuvi wa Mbamba Bay wanahamisha mitumbwi, ramani haihami.

Mwaka 1965 Lotfi Zadeh, mzaliwa wa Baku aliyekuwa akifundisha uhandisi wa umeme Berkeley, Marekani, alichapisha makala kuhusu kile ambacho wataalamu wanakiita seti za fazi. Mimi nikifundisha huziita seti za ukungu, na watu wa milima hii hawahitaji maelezo zaidi. Katika hesabu ya kawaida kitu kimo au hakimo, moja au sifuri. Zadeh alisema: hapana, kinaweza kuwamo kwa 0.3, kinaweza kuwamo kwa 0.8. Si wachache waliomkebehi. Miaka mitatu baadaye, 1968, C. L. Chang akachukua wazo hilo akalijengea topolojia yake, yaani hesabu ya ukingo ambamo kila punje ya mchanga ina kiwango chake cha kulowa.

Hapa watu huchanganya ukungu na uwezekano, tena maprofesa kabisa, kwa hiyo nitaomba msaada wa samaki. Mbasa ameletwa sokoni Mbinga kutoka ziwani. Nikikuambia kuna nafasi 9 kati ya 10 kwamba ni wa leo, maana yake ama ni wa leo ama si wa leo, ila mimi sijui, nabahatisha. Huo ni uwezekano. Nikikuambia kwamba uzima wa nyama yake ni wa kiwango cha 0.9, hapo sibahatishi kitu. Nimemtazama, na macho yameanza kulegea kidogo. Huo ni ukungu. Samaki wa kwanza anaweza kukuharisha usiku kucha, wa pili unamla huku ukijua.

Na kuna jina ambalo nasikitika vijana wetu wanalikuta kwenye programu za kompyuta bila kuambiwa lilitoka wapi. Ebrahim Mamdani. Alizaliwa hapa nchini, Juni 1942, akasoma India, akafika Uingereza mwaka 1966. Akiwa Queen Mary College, London, yeye na mwanafunzi wake Sedrak Assilian walikuwa na injini ndogo ya mvuke maabara, na mwaka 1975 walichapisha jinsi walivyoiongoza. Hawakutegemea milinganyo mirefu. Waliandika kanuni kwa maneno ambayo fundi wa injini angeyatumia: mvuke ukiwa juu kiasi na bado unapanda, punguza moto kidogo. "Kiasi" na "kidogo" yakageuzwa kuwa hesabu, na injini ikatii. Mwaka 1987 treni ya chini ya ardhi ya jiji la Sendai, Japani, ilianza kazi ikiongozwa kwa mantiki ya aina hiyo. Mamdani alifariki Januari 2010, na leo mtafiti wa afya anayetaka kompyuta ielewe "homa kali, shingo ngumu kiasi, shuku sana homa ya uti wa mgongo" anatumia njia inayoitwa kwa jina lake. Sijui kama utoto ule wa Afrika Mashariki ulimwachia sikio la "kidogo" na "kiasi". Napenda kudhani hivyo, na hotubani mtu anaruhusiwa.

Nisiwauzie mbuzi kwenye gunia. Makala nyingi za topolojia ya fazi hazijamgusa mgonjwa na hazitamgusa. Ni hesabu kwa ajili ya hesabu, na nazipenda jinsi mtu anavyopenda bao. Nyingine nyingi hudai kutambua maradhi kwa kompyuta, ukifungua unakuta zimejaribiwa kwa wagonjwa wachache wa wodi moja. Kwa hiyo sikuja kuwaambia mkasome topolojia. Nimekuja kuzungumza juu ya ule mchanga uliolowa, kwa sababu kuanzia Jumatatu ndipo mtakapofanyia kazi.

Angalieni mistari mliyoikariri miaka mitatu. Shinikizo la damu 140 kwa 90. Mtoto mchanga gramu 2500. Utepe wa mkono: chini ya sentimita 11.5 nyekundu, hadi 12.5 njano, kupita hapo kijani. Mjamzito, wingi wa damu 11. Mistari hii haikushuka na Musa mlimani. Imechorwa na watu, mezani, kwa ushahidi mzuri, na watu huifuta wakachora upya. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilishusha mstari wa damu kwa mjamzito aliye katika kipindi cha kati cha ujauzito, kutoka 11 hadi 10.5. Chukueni mama mwenye 10.7. Amelala na upungufu wa damu, ameamka hana, na hajaongezewa hata tone. Marekani nao walishusha mstari wa shinikizo mwaka 2017, hadi 130 kwa 80, ila matokeo yakawa kinyume: mamilioni waliolala wazima wakaamka wagonjwa.

Ule utepe wa mkono naupenda kuliko vyote, kwa sababu una njano. Aliyeutengeneza alikiri kwamba kati ya nyekundu na kijani kuna watu. Waliochuma kahawa Maguu wanaijua njano: kuna tunda ambalo ukilichuma leo umeharibu, ukiliacha wiki nzima limeanguka, na hakuna mama anayepanda shambani na rula.

Halafu kuna kipimo cha haraka cha malaria. Mstari wa kwanza, C, unaonyesha kipimo kinafanya kazi. Wa pili, T, unaonyesha ugonjwa. Mwongozo uko wazi, na mitihani mmeifaulu: T ukionekana, hata kama ni hafifu, ni malaria. Sawa. Ila subirini saa kumi na moja jioni, jua limeinama upande wa ziwa, taa ya sola imekufa, wagonjwa 30 wako kwenye benchi, na wewe umeshika kipande cha plastiki unakigeuza huku na huku. Ni mstari au ni kivuli cha kidole chako? Unamwita mwenzako. Yeye anauona. Unamwita mhudumu. Yeye hauoni. Kitabu cha MTUHA, daftari rasmi la kituo, kina "chanya" na "hasi" tu. Mtachagua, na ni lazima mchague, kwa sababu mtoto anangoja dawa. Na kitabu hakitajua kwamba mliitana watu watatu.

Nikiwa na miaka 24 niliajiriwa kwa muda kukusanya uzito wa watoto wachanga katika zahanati moja ya mwambao. Siitaji, kosa lilikuwa langu. Mizani ilikuwa ya kuning'iniza. Mtoto anarusha miguu, mshale unacheza kati ya kilo 2.3 na 2.6. Nikaandika 2.5. Ilikuwa namba safi, na ilikuwa na faida: mtoto wa 2.5 hana fomu ya pili, mama haulizwi maswali, mimi nawahi kula. Muuguzi mmoja mzee, amebakiza miezi michache kustaafu, alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Mwanangu, umeona mbili na nusu?"

"Inakaribia hapo, mama."

"Basi subiri mtoto atulie."

Tulisubiri. Mtoto akapata titi, akatulia, tukamrudisha kwenye mizani. Mshale ulisimama kwenye 2.4. Hakunikaripia. Alichukua kalamu yangu, akakata 2.5 kwa mstari mmoja, akaandika 2.4 pembeni na kutia saini yake. Sehemu iliyonichoma ilikuja baadaye, nilipochora daftari langu lote kwenye karatasi ya grafu. Kulikuwa na vichuguu viwili, kimoja kwenye 2.5 na kimoja kwenye 3.0, na katikati bonde karibu tupu. Hakuna kijiji duniani ambacho watoto huzaliwa hivyo. Vichuguu vile havikuwa vya watoto, vilikuwa vyangu, na hadi leo nikifungua takwimu za mtu mwingine hutafuta vichuguu kwanza. Shinikizo la damu huishia na sifuri, umri wa wazee huishia na sifuri au tano. Watu wote ni mimi.

Hasara yake inapimika. Ukiwa na vipimo vinavyosambaa kwa umbo la kengele, ukavikata katikati na kubakiza "juu" na "chini" tu, nguvu ya utafiti wako inabaki takriban 64%. Ni kama kupima wagonjwa 100 kwa jasho lako, halafu kuchoma kadi za 36. Chukueni udumavu: mkoa huu unalisha nchi mahindi na bado una watoto wengi waliodumaa. Nchi nzima udumavu ulishuka kutoka 34% katika utafiti wa 2015/16 hadi 30% mwaka 2022. Kila asilimia hapo ni watoto waliokaa upande huu au ule wa mstari. Mtoto aliyeukosa kwa nusu sentimita na aliyeukosa kwa sentimita sita wanahesabiwa mmoja mmoja. Anayejua tofauti yao ni yule aliyeshika ubao wa kupimia, na kama hakuandika urefu wenyewe, tofauti imekufa pale pale.

Sasa mtu asinielewe vibaya akaenda kumwambia mjamzito kwamba upungufu wake wa damu ni wa kiwango cha 0.6. Mpe vidonge vyake vya madini chuma na foliki aende nyumbani. Mistari tuifuate, maana dawa haitolewi nusu ndiyo nusu hapana. Lakini baada ya kuamua, andika 10.9. Usiandike "chini". Uamuzi ni wa leo na wa mgonjwa huyu. Namba ni ya mtu atakayefungua daftari mwaka 2040, mistari ikiwa imeshahamishwa tena, akitaka kujua damu ya akina mama wa Mbamba Bay ilikuwaje kweli.

Naona mpiga picha ananionyesha saa, na ukungu umeshashuka hadi kwenye mikaratusi pale. Nimewaletea zawadi ndogo, kaunta buku moja kwa kila mhitimu. Vitabu vya MTUHA vina safu zake, msiziharibu. Hili ni lenu. Mnaokwenda Chiwindi, Lituhi, Liuli, andikeni humo, bila majina ya wagonjwa, vile ambavyo safu zilikataa kuvipokea: T uliokuwa hafifu mkaitana watatu, mizani iliyocheza, bibi aliyesema anaumwa "kwa mbali". Daftari likijaa nitafuteni. Nauli ya kuja Mbinga bado naimudu, na siku hizi hadi Mbamba Bay ni lami.

Matroni anayo madaftari mezani, karibu na masufuria ya pilau. Mama wa "hatujambo kidogo", la kwako nimeliweka juu kabisa.