ISUKUTI ISITUFIE MIKONONI



Sisi tumetoka upande wa Shinyalu, Kakamega. Tumeombwa tuseme machache juu ya Isukuti, ngoma yetu Waisukha na Waidakho. Nyinyi mna ngoma zenu, lakini shida ni moja.

Isukuti ni jina la ngoma zenyewe. Hupigwa tatu pamoja: kubwa, ya kati na ndogo. Kuna pembe ya swara na njuga za chuma. Mmoja anaongoza wimbo, wanaume safu yao, wanawake safu yao. Mtoto akizaliwa inalia. Arusini inalia. Matangani pia inalia. Mgeni akiisikia kwa mbali anajua amefika kwa nani.

Mwaka 2014 UNESCO iliweka Isukuti katika orodha ya mila zinazohitaji kuokolewa haraka. Wengine wetu tulipiga makofi tukidhani ni zawadi. Kumbe ni kama daktari kukuambia ulazwe! Wengi wanaoijua ni wazee, na hawana wa kuwarithi.

Katika kikundi chetu mzee wa ngoma kubwa alituaga. Siku ya kumzika tulitafuta wa kumpigia, tukakosa. Tukakodi spika. Jamani, tuliona aibu. Yeye aliwasindikiza wenzake kwa ngoma, sisi tukamsindikiza kwa mashine.

Tangu hapo tunafanya hivi:

1. Kila Jumamosi vijana watatu hukaa na mzee mmoja wafundishwe, wavulana kwa wasichana.

2. Tukialikwa tukalipwa, sehemu huingia mfuko wa vyombo kwanza, ndiyo tugawane.

3. Tunapanda miti. Ngoma huchongwa kwa gogo na kuwambwa ngozi ya kenge. Lakini msitu wa Kakamega si wa kukatwa ovyo, na wanyama wa porini wanalindwa na sheria. Basi gogo tulioteshe wenyewe, na habari ya ngozi tuulize kwanza ofisi ya wanyama wa porini.

Wengine wanauliza, je, Mkristo acheze? Isukuti hupigwa hata sikukuu za dini. Kama kuna ulevi, tuukatae ulevi, ngoma tubaki nayo.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Asipokuwepo mchezaji, atatunzwa nani? Mkifika nyumbani, kaeni na mzee mmoja mumwulize: "Umemfundisha nani?" Akinyamaza, anzeni Jumamosi hiyo hiyo.