Amana ya Macho ya Watoto Wetu

Ndugu Waislamu,

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume wake, leo tunapenda kuzungumzia neema ya kuona, na hasa udhaifu ambao wazazi wengi huutambua wakati umekwisha pita. Udhaifu huo ni jicho vivu kwa watoto.

Nyuma ya jicho mna utando mwembamba uitwao retina, wenye chembe zaidi ya milioni 100 zipokeazo nuru. Habari za nuru hiyo hupita katika mshipa wa fahamu wenye nyuzi zipatazo milioni 1 hadi ubongoni. Mwanachuoni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Misri, alieleza katika karne ya 11 kwamba jicho hupokea nuru, na utambuzi hukamilika ubongoni.

Basi tufahamu kuwa mtoto hujifunza kuona kama ajifunzavyo kusema. Jicho moja likiwa na makengeza, au nguvu yake ikipungua sana kuliko ya la pili, au likizibwa na mtoto wa jicho, ubongo hulipuuza na kulitegemea lile zima. Mwaka 1963 Wiesel na Hubel, huko Marekani, walionyesha kwamba paka mchanga aliyefungwa jicho moja hupoteza uoni wa jicho hilo, ingawa retina yake yaendelea kufanya kazi. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Katika zama zetu wataalamu wamepima retina za watoto wenye jicho vivu. Baadhi wameona tofauti ndogo za unene, na wengine hawakuziona. Lakini asili ya udhaifu ni ubongoni.

Ndiyo maana mtoto halalamiki. Huona kwa jicho moja, hucheza na husoma, na wazazi hudhani mambo ni salama. Tuyazibe macho yake moja moja kwa zamu. Akilia au akisukuma mkono tuzibapo jicho moja tu, tumpeleke kwa tabibu. Na mboni ikionekana nyeupe tusingoje hata siku moja, maana huenda ni saratani ya jicho.

Tiba yenyewe si ya makuu: miwani, na kuliziba jicho zima ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Utafiti uliotangazwa Marekani mwaka 2003 ulionyesha kuwa, kwa udhaifu wa wastani, saa 2 kwa siku zafaa sawa na saa 6. Inafaa tiba ianze kabla ya miaka 7, ingawa wakubwa kidogo nao waweza kunufaika.

Hapa ndipo subira yetu hujaribiwa. Mtoto hulia, hujikwaa, huchekwa na wenzake, na mzazi kwa huruma hulibandua lile kunjo. Ndugu zetu, huruma hiyo ni ya saa moja, na hasara yake ni ya umri mzima. Siku jicho zima litakapopatwa na ajali, atategemea nini?

Watoto ni amana. Tusiwafiche wenye makengeza kwa aibu, tusimlaumu mama, wala tusimwadhibu mwanafunzi asiyeona ubao. Tumtegemee Mwenyezi Mungu baada ya kutimiza wajibu wetu.

Tunamwomba atuhifadhie macho ya watoto wetu, na aitie nuru mioyo yetu. Amin.