Pikapu ya Kikundi Isife Mapema



Tumeombwa tuseme juu ya ile pikapu ya maziwa. Imepita kilomita 300,000 na wengine wenu mwataka iuzwe. Sisi twasema, ngojeni kwanza. Injini ya dizeli ikitunzwa hufika huko na kuendelea.

Oili na filta yake zibadilishwe kila kilomita 5,000, hata dereva akisema bado ni nzuri. Ipimeni kila asubuhi kabla ya kuwasha. Moshi ukiwa wa buluu, jueni injini inakula oili. Rejeta msijaze maji ya mto, yanaleta kutu. Na kifuniko msifungue ikiwa moto, mtaungua uso!

Lakini linalotutia hofu zaidi ni mkanda wa taiming. Kwa injini nyingi zenye mkanda wa mpira hubadilishwa karibu kila kilomita 100,000. Je, wenu ulibadilishwa lini? Hakuna aliyetujibu. Ukikatika njiani, pistoni hugonga valvu, na shea za akina mama zimekwenda. Muulizeni fundi wiki hii, kabla ya soko.

Kila kazi iandikwe, pamoja na kilomita na tarehe. Daftari likae kwa mweka hazina, si kwa dereva.