Breki ya Mbele Si Adui wa Mwendeshaji

(Mazungumzo na walimu na watumishi wanaotumia pikipiki katika kazi za kata)



Nimeombwa nizungumze juu ya breki za pikipiki, hasa hizi mpya zenye herufi ABS na CBS. Naomba nianze na kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonilazimisha kujifunza habari hizi.

Nilipokabidhiwa pikipiki ya kazi kwa mara ya kwanza, aliyenifundisha kuendesha alinionya kwamba breki ya mkono, yaani ya mbele, ni ya kuua. Nikiishika tu itanirusha juu ya usukani. Nikamwamini. Kwa miaka mitatu nikatumia breki ya mguu peke yake. Siku moja, kwenye lami kavu na mchana kweupe, mzee mmoja mwenye baiskeli ya mkaa akakata njia mbele yangu. Nilikanyaga kwa nguvu zangu zote. Gurudumu la nyuma likafunga, pikipiki ikaserereka upande, nikamgonga. Mimi nilivunjika mtulinga. Yeye alivunjika mguu, na msimu ule mzima hakushika jembe. Nikiwa kitandani hospitalini nilipata wasaa wa kutosha wa kutafakari jambo moja: nilikuwa na breki nzima ambayo sikuigusa.

Walimu wa hesabu mtanisahihisha nikikosea. Mwendo wa kilometa 60 kwa saa ni sawa na mita 16 na ushei kila sekunde. Jicho likishaona hatari, sekunde moja hivi hupita kabla ya mkono na mguu kutii, na mita hizo 16 zimekwisha kupotea. Baada ya hapo, kwenye lami kavu, breki ya nyuma peke yake itahitaji yapata mita 40 kukusimamisha. Breki zote mbili zikitumiwa vema, mita 20 hivi zinatosha. Yule mzee alikuwa kati ya umbali huo na ule.

Sababu yake tunaiona kila siku ndani ya basi. Dereva akifunga breki, abiria wote huinamia mbele. Uzito wa pikipiki na wa mwendeshaji nao huinamia mbele vivyo hivyo. Gurudumu la mbele hukandamizwa barabarani, na la nyuma hubaki jepesi, halina la kushikia. Ndiyo maana kwenye lami kavu breki ya mbele huweza kufanya kiasi cha robo tatu ya kazi yote.

Hata hivyo, mwalimu wangu hakukosea kabisa. Gurudumu la mbele likifunga, yaani likiacha kuzunguka ilhali pikipiki ingali inakwenda, usukani hauna kazi tena, na mtu huanguka kabla hajajua limetokea nini. Basi makosa ni mawili: kuisahau breki ya mbele, na kuikamata kwa kiherehere. CBS inatibu kosa la kwanza, na ABS la pili. Wengi huzichanganya.

CBS ni breki zilizounganishwa. Katika pikipiki nyingi ndogo, ukikanyaga breki ya nyuma, waya au mrija huvuta pia kiasi fulani cha breki ya mbele. Si jambo geni: kampuni ya Moto Guzzi ya Italia ilikuwa na mpango wa namna hiyo tangu mwaka 1975. Lakini CBS peke yake haizuii gurudumu kufunga.

ABS ilianzia kwenye ndege, na mwaka 1988 BMW ya Ujerumani ikaanza kuuza pikipiki yenye mfumo wa umeme wa namna hii. Kwenye gurudumu huwekwa pete yenye meno au matundu, na kando yake kifaa kinachohesabu mzunguko. Gurudumu likipunguza mwendo ghafla mno, kompyuta ndogo hulegeza breki kidogo, kisha huirudisha, mara nyingi katika sekunde moja. Mwendeshaji husikia mtetemo mkononi au mguuni. Wapo wanaoshtuka wakaachia breki. Mtetemo ule ni dalili kwamba kazi inafanyika, na yapasa kuendelea kukaza.

Nchi za Umoja wa Ulaya zililazimisha ABS kwa pikipiki mpya zinazozidi sentimita za ujazo 125 kuanzia mwaka 2016 kwa aina mpya, na 2017 kwa zote. Zilizo ndogo zaidi ziwe na ABS au CBS. India ikafuata kwa sheria inayofanana nayo kati ya Aprili 2018 na Aprili 2019. Sheria hizo zinahusu pikipiki zinazouzwa huko kwao. Hazizifuati zile zinazopakiwa melini kuja kwetu, hata kama zimetoka nchi hiyo hiyo. Kwa hiyo mtumishi anayeandika mahitaji ya ununuzi asidhani kwamba jina la kampuni linatosha. Aandike waziwazi breki anazozitaka, na aulize kama ABS ni ya magurudumu yote mawili au la mbele tu.

Tusizipe sifa zisizo zao. ABS haiongezi mshiko wa tairi lililokwisha, wala ya kawaida haimwokoi aliyelaza pikipiki kwenye kona kali. Kwenye changarawe, njia yetu wengi kuelekea shuleni, huweza hata kurefusha umbali wa kusimama, kwa sababu gurudumu lililofunga hujichimbia kokoto na kujizuia. Pamoja na hayo, mimi ningeichagua, kwani kusimama mita chache mbele ukiwa wima ni heri kuliko kuanguka.

Na kabla ya maswali, neno juu ya ile taa. Ukifungua swichi, taa ya ABS huwaka, kisha huzimika pikipiki ikianza kwenda. Huo si ubovu. Ikibaki inawaka safarini, breki zako zingali zipo, lakini ni za kawaida, na mkono wako ndio utakaopima nguvu mpaka ufike kwa fundi.