Nani Kalazwa Chini ya Mkuku

Upande wa magharibi wa kisiwa cha Juani, Mafia, maji yakijaa, bahari husogea karibu na kuta za Kua. Ulikuwa mji wa mawe ya matumbawe na chokaa, wenye misikiti na kasri la ghorofa, mpaka Wasakalava walipovuka kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19, wakauvunja na kuchukua watu utumwani. Leo mizizi imeingia kwenye nyufa, na mgeni humhitaji mwenyeji wa kumwonyesha palipokuwa nyumba na palipokuwa njia.

Kua ina kisa chake. Inasimuliwa kwamba watu wa Kisimani, upande wa pili wa Mafia, walijenga jahazi, wakawaalika watu wa Kua siku ya kulishua. Wageni walipofika, watoto wao walikamatwa, wakalazwa mchangani, na jahazi likasukumwa baharini, mkuku wake ukipita juu ya miili yao. Kua ilinyamaza kwa miaka. Kisha ikawaalika Kisimani harusini, ndani ya chumba kilichojengwa chini ya ardhi. Wenyeji wakatoka mmoja mmoja, akabaki mzee wa kuwaburudisha wageni, na mlango ukajengewa.

Wasimulizi wengi hukazania chumba, maana chumba ndicho kinachotisha. Ndugu wananchi, hotuba hii inabaki kwenye jahazi.

Jahazi halishuliwi na mtu mmoja. Kuna wa kamba, wa magogo, wa kuegemeza bega, na kuna anayepokea wimbo ili wote wavute kwa pamoja. Siku ile Kisimani hawakuwa wote wakatili. Wengine bila shaka walishika kamba kwa sababu jirani ameshika, wala hawakuinama kutazama mchanga. Muswada wa sheria nao hushuliwa hivyo hivyo. Una mwenye nao, una waliokubali majina yao yaandikwe pembeni mwa lake, na mahali fulani mbele ya mkuku pana watu ambao hawakuulizwa.

Juani yenyewe inalijua hilo. Mwaka 1994 Bunge lilipitisha Sheria Namba 29 ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, na mwaka uliofuata Mafia ikapata hifadhi ya bahari ya kwanza nchini, kilomita za mraba 822, Juani, Chole na Jibondo zikiwa ndani yake. Sababu zilikuwepo. Baruti ilikuwa ikisaga matumbawe, na palipolipuka mwamba hapakai samaki kwa miaka mingi. Lakini sheria ile ile iliyomkamata mwenye baruti ilimfikia pia mvuvi wa juya, aliyerithi wavu na mahali pa kuukokota kwa baba yake. Kifungu kimoja kiliponya mwamba na kikabana chungu cha nyumba fulani. Ndiyo maana jina lililo juu ya muswada si pambo. Mvuvi yule anastahili kujua ni nani wa kumshukuru na ni nani wa kumdai.

Tanzania, kumjua ni kazi. Karibu miswada yote huletwa na Serikali. Kanuni za Bunge zinamruhusu mbunge kuleta muswada binafsi, lakini ibara ya 99 ya Katiba inafunga mlango mkubwa: jambo la kodi, au la kutoa fedha Hazina, halishughulikiwi mpaka Rais apendekeze na Waziri aliwasilishe. Ni sheria ngapi zenye uzito zisizogusa fedha? John Mnyika, akiwa mbunge wa Ubungo, alihangaika na muswada binafsi wa Baraza la Vijana. Sheria ya baraza hilo ilipopita mwaka 2015, ilipita kwa muswada wa Serikali. Kinachobaki kwa mbunge wa kawaida ni kusimama na kusema anaunga mkono hoja mia kwa mia. Kisha Spika huuliza wanaoafiki waseme ndiyo, ukumbi unanguruma, na mngurumo hauna jina.

Ipo mara moja ambapo majina yalionekana.

Aprili 2012, ripoti ya Mkaguzi Mkuu ilipoanika ubadhirifu wizarani, Zitto Kabwe, mbunge wa Kigoma Kaskazini kwa tiketi ya CHADEMA, alianza kukusanya saini za hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, Mizengo Pinda. Ibara ya 53A ya Katiba inadai saini za asilimia 20 ya wabunge wote, na taarifa kwa Spika siku 14 kabla. Upande wa upinzani karatasi haikuwa na shida. Mtihani ulikuwa upande wa pili, kwa sababu Pinda ni wa CCM na mbunge wa CCM anayetia saini anajua vikao vinavyomsubiri. Deo Filikunjombe wa Ludewa alisaini. Hakusaini gizani, alisema hadharani kwamba amesaini na kwa nini. Saini zikapita 70.

Hoja haikujadiliwa. Spika Anne Makinda alisema siku 14 hazijatimia, mkutano wa Bunge ukafungwa, Pinda akabaki hadi 2015. Kwa hesabu ya ukumbini, Zitto na wenzake walishindwa. Lakini tarehe 4 Mei Rais Kikwete alitangaza baraza jipya, na mawaziri sita walikuwa nje, Mkulo wa Fedha na Ngeleja wa Nishati wakiwemo. Ripoti ya ukaguzi ilikuwa na kurasa nyingi zaidi kuliko karatasi ile. Tofauti ni kwamba karatasi ilikuwa na majina ya watu walio tayari kulipa.

Isidhaniwe kwamba kila saini ya ujasiri ni saini ya busara. Kenya, ambako muswada wa mbunge ni jambo la kawaida, Jude Njomo wa Kiambu alisimamia mabadiliko ya sheria ya benki yaliyoweka kikomo cha riba: asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Rais Kenyatta alisaini Agosti 2016, na nani asingeshangilia? Benki zikafanya hesabu zao. Mteja mdogo, mwenye kibanda kisicho na hati ya dhamana, akaonekana hatari isiyolipa, mkopo ukahamia kwenye dhamana za Serikali, na yeye akarudi kwa wakopeshaji wa kwenye simu, ambako riba ya mwezi mmoja hushinda ile ya benki. Novemba 2019 kikomo kikaondolewa. Waliokishua walimtazama mwenye benki tu. Mwenye kibanda alikuwa chini ya mkuku. Hata hivyo Njomo hakulikana jina lake, aliendelea kuitetea sheria ile mpaka mwisho, na hilo peke yake ni heshima.

Uganda wana jina lisilosahaulika pia. Desemba 2017 wabunge zaidi ya 300 walipitisha muswada wa Raphael Magyezi ulioondoa kikomo cha miaka 75 kwa mgombea urais. Kabla ya hapo kila mbunge alikuwa amepewa shilingi milioni 29 za Uganda za kwenda kushauriana na wapiga kura, na baadhi walizirudisha. Watu hawauiti muswada kwa jina lake rasmi. Wanauita wa Magyezi, na hao waliorudisha fedha wanakumbukwa vilevile.

Wamarekani wamefika mbali zaidi, pengine mno. Baraza lao la Wawakilishi halikuruhusu majina mengi juu ya muswada mmoja mpaka 1967, kwa kikomo cha 25. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kikomo nacho kikaondolewa. Sasa muswada hubeba majina mia mbili na kuozea kwenye kamati, na kila mmoja kati ya hao mia mbili ana la kusema akirudi kwao. Kamba ina mikono mingi, jahazi liko pale pale.

Mafia ina mbunge mmoja. Ili afike Juani lazima apande mashua, na wanaomsikiliza ni pamoja na wanawake waliotoka mwambani kwenye bamvua, nguo zimelowa magotini, pweza kwenye kapu. Huulizwa zahanati, gati, maji. Aulizwe na hili: tangu alipokuja mara ya mwisho, ni karatasi gani amewekea jina, ipi aliletewa akaikataa, na ni nani atakayeumia kwa hiyo aliyoikubali. Akisema aliitikia ndiyo pamoja na wenzake, aulizwe tena. Mashua ya kurudi Utende, kisiwa kikuu, husubiri maji yajae, kwa hiyo muda wa kumsikiliza upo.