Mlinzi wa Zizi: Bunduki au Boma?
Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima

Natumaini mmekwisha kuketi, na kila mmoja ana kalamu yake. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu kwa herufi kubwa: ZIZI, LESENI, RISASI. Sasa someni wote pamoja. Vema. Hayo ndiyo maneno ya somo letu la leo.

Wafugaji wengi huulizana hivi: "Fisi amekula mbuzi wangu. Simba amemwua ng'ombe wangu wa maziwa. Je, ninunue bunduki gani?" Ni swali la haki. Ng'ombe mmoja ni ada ya mtoto shuleni, ni maziwa ya mgonjwa, ni mahari. Anayempoteza hapotezi nyama tu. Lakini kabla ya kujibu swali la bunduki, yako maswali mengine yanayotangulia.

Swali la kwanza: ni mnyama gani? Asubuhi, kabla mifugo haijakanyaga njia, tazama nyayo. Wayo wa fisi huonyesha alama za kucha, na miguu yake ya mbele ni mikubwa kuliko ya nyuma. Wayo wa simba au chui hauonyeshi kucha, kwa sababu wanyama hawa huzificha wanapotembea. Chui hupenda kupandisha windo lake mtini. Fisi huvunja na kula hata mifupa. Asiyemjua adui wake hawezi kumzuia.

Swali la pili: alikuja wakati gani, naye alipita wapi? Fisi huja usiku zaidi. Simba mara nyingi hahitaji kuingia zizini. Ng'ombe wakisikia harufu yake hushtuka, huvunja boma wenyewe, hukimbilia gizani, naye huwakamata huko nje. Majira nayo yana maana. Wakati wa mvua, nyumbu na punda milia wa Tarangire hutawanyika nje ya hifadhi mpaka tambarare za Simanjiro, na simba huwafuata. Basi mfugaji wa huko aimarishe zizi lake kabla ya mvua, asingoje kilio.

Sasa tuje kwenye bunduki. Tuzitazame moja moja.

Kwanza, gobore. Hili hushindiliwa baruti mdomoni, hupiga mara moja, na kulijaza tena huchukua muda. Mnyama mkali hatakungoja. Tena magobore yaliyotengenezwa kienyeji huweza kupasuka usoni pa mpigaji.

Pili, bunduki ya marisau, ambayo wengi huiita shotigani. Hii hutoa vipande vingi vidogo vinavyotawanyika. Nguvu yake ni ya karibu. Ukimpiga simba au chui kwa mbali, humwui, unamjeruhi. Na chui aliyejeruhiwa ni hatari kuliko chui mwenye njaa, kwa kuwa hujificha majanini na kumrukia anayemfuata. Tena ukipiga ndani ya zizi, marisau hayachagui. Yatampata fisi, yatapata na mbuzi.

Tatu, raifoli. Risasi yake huenda zaidi ya kilometa moja, na hupenya ukuta wa udongo. Usiku unaona macho mawili yanang'aa. Je, unajua kilichoko nyuma ya macho hayo? Huenda ni nyumba ya jirani, na watoto wamelala. Mnyama akikosea hula mbuzi. Risasi ikikosea, hakuna wa kuirudisha.

Basi tumeona kwamba kila bunduki ina kazi yake na hatari yake. Liko na jambo jingine. Bunduki haina macho yake. Wewe ukilala, nayo imelala. Zizi zuri hukesha usiku kucha.

Tena iko sheria. Katika Tanzania, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu mtu kuwa na bunduki bila leseni, hata kama ni gobore la babu. Leseni ni ya mtu mwenyewe. Jirani hawezi kuazimwa silaha kama jembe. Na wanyama wa porini ni mali ya taifa. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inamtambua mtu aliyelazimika kumwua mnyama ili kuokoa maisha au mali yake. Lakini kulazimika si kwenda kumtafuta porini kesho yake kwa hasira. Na ukilazimika, toa taarifa upesi. Ngozi, kucha na meno si vyako.

Wenye leseni, shikeni haya. Fungieni silaha mahali ambapo mtoto hafiki. Msilenge msichokiona sawasawa. Msiishike baada ya pombe. Na mnyama akijeruhiwa, msimfuate. Mwiteni askari wa wanyamapori, ambaye amefundishwa kazi hiyo na ana silaha inayofaa.

Sasa tuone walinzi wengine, ambao hawahitaji leseni.

Mlinzi wa kwanza ni boma imara. Wilayani Simanjiro, wafugaji wengi wamejenga maboma hai. Hukata matawi ya miti inayochipua upesi, huyapanda kuwa nguzo kuzunguka zizi, na katikati hufunga wavu wa waya. Matawi hushika mizizi na kukua, na ukuta hupanda juu kila mwaka. Mchwa hawali nguzo iliyo hai. Lakini kumbuka mlango. Ukuta mzuri wenye mlango wa miiba mitatu ni bure.

Mlinzi wa pili ni mwanga unaobadilika. Huko Kitengela, nchini Kenya, karibu na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, mvulana aitwaye Richard Turere alikuwa akichunga ng'ombe wa baba yake. Alijaribu moto, haukufaa. Alijaribu sanamu ya mtu, simba wakaizoea. Kisha akagundua kwamba simba huogopa taa inayotembea. Akafunga taa ndogo kuzunguka zizi, zikawaka na kuzimika kwa zamu kwa nguvu ya betri na jua, kana kwamba mtu anazunguka na tochi. Mwaka 2013 alialikwa Marekani kueleza kazi yake.

Mlinzi wa tatu ni mbwa. Nchini Namibia, tangu mwaka 1994, wakulima wamekuwa wakipewa mbwa wakubwa wenye asili ya Uturuki. Mbwa huyu hulelewa na mbuzi tangu mdogo, hata akawaona ndio ndugu zake. Duma akija, mbwa hubweka na kusimama kati yake na kundi.

Mlinzi wa nne ni wewe. Hesabu mifugo kila jioni. Mnyama aliyepotea na kulala nje ndiye huliwa kwanza. Usimwachie mtoto mdogo kundi peke yake karibu na pori.

Neno moja la kuonya. Wako wanaotia sumu katika mzoga ili kumwua fisi. Ndugu zangu, msifanye hivyo. Sumu hiyo itamwua mbwa wako, itawaua tai wanaosafisha mizoga, na inaweza kumwua mtu atakayeokota nyama hiyo.

Na kama mnyama amekwisha kuua, usiufiche mzoga. Mwite mtendaji wa kijiji na afisa wa wanyamapori waone nyayo. Katika Tanzania kuna kanuni za kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mali na wanyama hatari. Hakilingani na ng'ombe mzima, lakini asiyetoa taarifa hapati kitu. Hapo ndipo kusoma na kuandika kunapokufaa: andika mwenyewe tarehe, saa, mahali, mnyama aliyekuja na mifugo iliyokufa.

Kazi ya juma hili. Kwanza, hesabu: zizi lina pande nne, kila upande mita 15. Ukipanda nguzo moja kila mita 2 kuzunguka zizi lote, utahitaji nguzo ngapi? Pili, andikeni taarifa fupi kwa mtendaji, mistari mitano, kana kwamba fisi alikuja jana. Tatu, kila mmoja azunguke zizi lake kwa miguu, atafute tundu ambalo kichwa cha fisi kinaweza kupita, aliziba kabla jua halijatua.

Jibu la hesabu ni nguzo 30. Aliyepata, ajipongeze. Aliyekosa, ajaribu tena na mwenziwe. Kwaherini, na mifugo yenu ilale salama.