Mazungumzo kwa Wananchi: Kuonana na Daktari kwa Simu



Mgonjwa aliyeko Pemba au Tumbatu anaweza kushauriana na daktari kwa simu ya video bila ya kuvuka bahari. Hata hivyo, kamera haigusi tumbo wala haisikilizi kifua. Hivyo, mgonjwa aandike mapema siku maradhi yalipoanza na dawa anazotumia, zikiwemo za mitishamba; akae pahala pa faragha; na amtambue daktari kwa jina na hospitali yake kabla ya kutoa siri.

Mwenye kushindwa kupumua, mwenye kutokwa na damu nyingi, na mja mzito anayeumwa sana na kichwa huku macho yakiingia kiza, wasingoje simu: wapelekwe hospitali mara moja.

Simu hufupisha safari. Haiondoi haja ya kupimwa.